Askari Mmoja Mweupe

Kaka,

Salamu zako zimefika. Sisi tupo. Paa la jikoni limeacha kuvuja, na shangazi bado hasemezani na majirani.

Lile fumbo la sataranji ulilomchorea Baba akiwa mgonjwa, badala ya kuja, alihangaika nalo mpaka mwisho. Ubao ulikaa kitandani, vipande vikianguka kila akikohoa. Kila mara alianza kwa kumtoa malkia aliwe, na kila mara mfalme mweusi akapata pa kutorokea.

"Mwanangu hawezi kukosea," aliniambia. "Ni kichwa changu kimekwisha."

Baba huyo aliyetufundisha mchezo, akalia mbele yangu.

Baada ya mazishi, ambayo pia hukuja, nililikuta fumbo lilelile kwenye gazeti kwa kinyozi. Kaka, ulisahau kuchora askari mmoja mweupe, yule anayemzibia mfalme njia. Akiwepo, kumtoa malkia ndilo jibu. Baba alilipata siku ya kwanza.

Nakutumia askari huyo ndani ya bahasha. Kaa naye wewe. Huku kachelewa, kama wewe mwenyewe.

Mdogo wako