Vipande vya Hisa Kwa Jina Lako

Kaka,

Huku hatujambo. Mama magoti bado yanamsumbua, na bafu tumelipaka rangi.

Baada ya mazishi nilikwambia kwa simu kwamba Baba hakukuachia hata hisa moja. Ukasema, "Nilijua," ukakata. Nilikuwa nimeona sifuri katika kila mstari wenye jina lako, kwenye programu ya hesabu za karakana yetu ya viti, ambamo Baba aliandika pia hisa zake. Programu hiyo niliipanga mimi isionyeshe desimali, kwa kuwa viti haviuzwi nusu.

Jana dalali wa hisa alileta orodha yake. Kila mwezi Baba alikununulia vipande vya hisa, katika kampuni kumi na moja. Hakuna kilichofika nusu hisa, kwa hiyo programu ilivionyesha vyote kuwa sifuri.

"Kipande nacho ni mali, dada," dalali akasema. "Kwani ukitaka nyama lazima ununue ng'ombe mzima?"

Mama akauliza, "Alianza lini?"

Nikaangalia tarehe ya kwanza kwenye orodha. "Mwezi ule aliomfukuza Kaka," nikamjibu.

Mama akaendelea kukunja nguo.

Ununuzi wa mwisho ni wa wiki aliyolazwa. Desimali nimezirudisha. Ukitaka kukasirika, nikasirikie mimi. Kaburini kwake njoo.

Mdogo wako wa kike