Gari la Mtani

Mtaa wa Mchikichi,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
9 Desemba, 1956

Mpendwa kaka yangu Rajabu,

Shikamoo kaka, na salaam aleikum. Hujambo wewe, na wifi yangu Sakina hajambo? Watoto je? Nimesikia Tabora kuna homa ya mafua, basi wafunike vizuri na usiwaache wakacheza uwani jua likishazama. Sisi huku tu wazima, twamshukuru Mungu. Mama yetu miguu inamsumbua kwa mvua hizi za vuli, lakini ulimi wake mzima kabisa, na kila siku anauliza kwa nini Reli hawakukupa ruhusa ukaja kwenye harusi ya mpwao Waridi. Nimeshamjibu mara kumi. Kesho ataniuliza tena.

Barua yako niliipata Jumatano. Umetupongeza kwa kununua gari. Pongezi zako nimezisoma mara mbili, kisha nimezirudisha ndani ya bahasha. Kaka, hakuna la kupongeza hapa.

Na ule ukurasa wa pili ndio ulioniondolea usingizi. Eti na wewe umeona gari kuukuu kwa rafiki yako Mnyamwezi hapo Tabora, limekupendeza, na unataka Nassibu akushauri. Usimuulize Nassibu! Kumuuliza mume wangu habari za magari makuukuu ni kumuuliza mlevi habari za tembo. Niulize mimi ninayechota maji.

Hebu sikiliza. Gari letu lina umri wa kumzidi bibi harusi. Lililetwa na Mgiriki mmoja wa mashamba ya mkonge, likazeeka kwake, likaachwa kwenye banda kule bandarini, mwisho likapigwa mnada. Aliyelipata ni Mrisho, nyapara wa makuli, Mnyamwezi wa huko huko uliko. Nassibu ni karani kwenye ghala lile lile, kwa hiyo kila siku alikuwa akipita anaona gari limekaa, taa zimetoka kama macho ya chura, viti vya ngozi, na ubao wa kukanyagia pembeni. Alianza kwa kuliangalia. Kisha akawa analifuta vumbi, gari si lake! Nikajua yamekwisha.

Sasa wewe mwenyewe unajua, sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu babu zao waliposhuka pwani na mizigo ya pembe. Mtani akikutukana unacheka. Akikuchukulia kuku wako anakula, nawe unacheka. Ukinuna, wewe ndiye mwenye kosa. Basi mtu mzima mwenye akili zake, karani anayejua kusoma na kuandika, ananunuaje gari kwa mtani? Mrisho alimwapia kwamba gari lile hata akilala usingizi litamfikisha. Nassibu akaamini kila neno. Akalileta nyumbani kwa kusukumwa, akaniambia limechoka na safari. Safari gani, kutoka bandarini mpaka Mchikichi?

Wiki haikwisha, rejeta ikaanza kuvuja. Kaka, gari lile linakunywa maji kuliko nyumba nzima. Madebe mawili asubuhi, debe moja jioni, na bomba la mtaa unalijua foleni yake. Wanawake wenzangu walianza kuniuliza kama nimefungua hoteli. Nilipolalamika, Nassibu akasema fundi amempa dawa: manjano. Akaingia jikoni, akachukua manjano yangu yote niliyoweka kwa pilau la Ijumaa, akayamimina kwenye rejeta. Na yakaziba, nikisema hayakuziba nitakuwa mwongo. Siku tatu gari likawa linapita mtaani linanukia mchuzi, sisi nyumbani tunakula wali mweupe.

Fundi mwenyewe ni Mchagga, jina lake Tarsis, ana kibanda Ilala. Mtu mpole, hana matusi, anasali kanisani kila Jumapili, lakini ana neno moja litakaloniua: "Dogo tu hilo, mama." Breki hazishiki, dogo tu hilo. Honi inalia yenyewe gari likikata kona, dogo tu hilo. Ukitaka kujua kama ana spea, atakwambia magari ya namna ile yalikuwa mawili tu nchi hii, na la pili limekufa Dodoma, basi tuombe Mungu wasilitupe. Mlango wa upande wangu ameufunga kwa waya. Nikitaka kushuka lazima Nassibu ashuke kwanza, azunguke, afungue waya, na mimi nimekaa mle ndani kama kuku kwenye tenga.

Na hendeli! Ukitaka kuliwasha unasimama mbele unazungusha chuma, na chuma kikipenda kinakurudishia. Nassibu kilimpiga kifundo cha mkono, akaandika kwa mkono wa kushoto ofisini siku tisa. Nikamwambia rahisi huvunja upishi. Akanijibu kwamba gari zuri lina tabia yake. Mimi pia nina tabia yangu, mbona hanifuti vumbi?

Sitaki unione mwenye chuki tu. Siku moja, Jumapili, liliwaka mara moja bila kuguna, tukaenda mpaka Magogoni na kurudi. Upepo ulikuwa unaingia kila upande, viti vile vya ngozi vinanesa, watu wa Mtaa wa Kongo wanageuka kutuangalia. Nilikaa wima. Nilivaa kanga mpya na sikumwangalia mtu. Nilifurahi, kaka, sitakuficha, nilifurahi mpaka nikamsamehe Nassibu yale manjano. Kesho yake likafia katikati ya Msimbazi mvua ikinyesha, nikashuka nikasukuma na kanga yangu ile ile.

Basi Nassibu akaenda kwa Mrisho kulalamika. Mrisho akamjibu mbele ya makuli wote kwamba yeye aliuza gari, na kama Mzaramo alitaka kitu cha kwenda angesema mapema auziwe punda. Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Na Nassibu akacheka nao! Afanyeje? Hawezi kumshitaki mtani, hawezi kununa, hawezi hata kumnyima salamu. Nikajitanda nikaenda mwenyewe nimkabili. Kabla sijafungua mdomo Mrisho akauliza kama nimechoka na mume nimekuja kuomba niolewe Unyamwezi. Nilirudi nyumbani nimebana meno, na njiani, Mungu anisamehe, kicheko kikanitoka.

Haya yote ningeyavumilia. Lisilovumilika likaja na harusi ya Waridi.

Mama yake bwana harusi, Bi Siwema wa Ilala, ni mwanamke wa haja. Ana nyumba ya vyumba sita na dharau ya vyumba kumi. Alipoleta habari kwamba atatuma teksi mbili zije kumchukua bibi harusi, Nassibu akajivuta akasema binti yake hatatoka kwake ndani ya teksi, atatoka ndani ya gari la baba yake. Aliyasema mbele ya wazee wa pande zote mbili. Nilimfinya, akaniondoa mkono. Neno likishatoka mbele ya wazee halirudishi mtu. Wewe unamjua Bi Siwema kwa sifa tu, mimi namjua kwa macho. Nilijua gari likitufia njiani, Waridi ataolewa na lile gari maisha yake yote. Kila akiunguza wali ataambiwa ni mtoto wa yule mwenye gari.

Nilimsihi Nassibu siku kumi. Nilimwambia tukodi hata mkokoteni. Akaniapia kwamba Tarsis amelifungua lote akalifunga tena. Hilo ndilo lililozidi kunitia hofu.

Ijumaa ile nikaha ikasomwa, watu wakala, alasiri ikawa ni safari ya kumpeleka mtoto kwa mumewe. Waridi alikaa nyuma, amefunikwa, mimi kulia kwake na somo yake aliyemfunda kushoto. Dada zake Bi Siwema wawili walikuja kumpokea, wakasimama kando wanaliangalia gari. Nassibu akazungusha hendeli. Likawaka! Vigelegele vikapanda, tukaondoka, wanawake mbele wanacheza, nyuma wanaimba.

Tulipita nyumba nane, nilizihesabu. Kwenye pembe ya kuingilia Msimbazi likakohoa, likatetemeka, likanyamaza. Palikuwa pamejaa watu kwa kelele za harusi. Nilimwona Nassibu ameshika usukani kwa mikono miwili, shingo yake imelowa, hageuki. Waridi akanishika mkono ndani ya lile shela akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, wanacheka?" Nikamwambia hapana mwanangu. Nilikuwa naomba ardhi inimeze mimi na gari la baba yake.

Mara nikasikia watu wanapiga kelele mbele. Kuangalia, Mrisho kalala chali barabarani mbele ya magurudumu, na kanzu yake nyeupe, na kofia yake ya vito. Anapiga ukelele unasikika mpaka sokoni, "Hapiti mtu hapa! Bibi harusi wa Kizaramo hapiti bila idhini ya mtani wake! We Nassibu, zima mtambo, zima upesi kabla hujaniua!"

Kaka, mtambo ulikuwa umekufa zamani! Na mume wangu, ambaye kumwambia jambo likaingia huchukua mwaka, siku ile aliingiwa na akili kabla Mrisho hajamaliza. Akatoa kichwa nje akajibu kwa nguvu zote, "Nimezima, mtani! Nimezima!"

Watu wakaangua kicheko, lakini kicheko cha harusi, si kile nilichokuwa nakiogopa. Dada zake Bi Siwema wakacheka na wao, maana nani hajui watani wakizuia njia? Mrisho akasimama, akajipangusa vumbi, akatoa hukumu. Faini yake ni hii, mtambo usisikike tena mpaka Ilala. Babu zake walileta pembe pwani kwa mabega, basi na wao hawashindwi na mtoto mmoja wa Kizaramo. Akapandisha kanzu, na kiunoni alikuwa amejizungushia kamba nene ya bandarini, mizunguko isiyohesabika. Akaifungua huku anazunguka kama pia. Makuli wanane wakatoka kwenye umati, wakaifunga mbele ya gari, wakatuvuta.

Walituvuta mpaka Ilala kwa nyimbo zao za safari, na kila mlango ulikuwa na watu. Bi Siwema alitoka nje akasimama, akaziba mdomo kwa kanga. Nilidhani anatuchekea. Alikuwa analia, eti hata siku yake yeye hakupelekwa hivyo. Juzi ametuma mtu kuuliza kama gari na wale Wanyamwezi vitapatikana kwa harusi ya mtoto wake wa pili. Nassibu sasa hashikiki. Anasema umeona, mke wangu, nilikwambia! Aliniambia nini? Gari limerudi mlangoni kwetu kwa kamba, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma, na sasa hivi ninapoandika ananiita nilete debe.

Jumatatu nilimpelekea Mrisho sahani ya pilau. Siku ya harusi alikuwa amekataa chakula changu, kila nikimpakulia anasema ameshiba, na niliumia moyoni nikasema mtani huyu ananidharau hata leo. Nikamuuliza yeye alijuaje kwamba gari litakufa pale. Akasema hakujua ni pale, alijua litakufa tu, maana si yeye aliyeliuza? Basi tangu alfajiri alikuwa amejifunga kamba ile chini ya kanzu, akawaweka wenzake karibu, akatembea nyuma yetu. Na pilau hakula kwa sababu kamba ilikuwa imembana, tumbo halina mahali pa kuweka hata tonge. Nilisimama mlangoni kwake na ile sahani, nikalia, kaka. Akaniambia nisilie, kama nimelipenda gari kiasi hicho ataniuzia na la pili.

Sasa kuhusu hilo lako la Tabora. Nimeanza barua hii nikitaka kukuambia usinunue, na bado nakuambia usinunue. Lakini nakujua kichwa chako, umekipata kwa baba, utanunua tu. Basi kama ni lazima, nunua kwa huyo huyo rafiki yako Mnyamwezi. Gari bovu mtu yeyote atakuuzia, ila asiyekuwa mtani akishapokea chake hutamwona tena.

Mama anakusalimu, anasema umtumie asali ya huko, nyeupe si nyeusi. Nassibu anakusalimu shemeji yake, na usimjibu lolote la magari. Waridi na mumewe wanakupa shikamoo mjomba wao. Nisalimie wifi Sakina sana, mwambie ile kanga yake nimemwekea, na ubusu watoto wote kwa ajili ya shangazi yao.

Mungu akulinde na ajali, akupe afya na riziki ya halali, atukutanishe tukiwa hai na tukicheka.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, hata siku ukija kwa kuvutwa,

Zamda binti Zahoro