Chumvi Niliyokutumia

Nyumba ya kona,
Nyuma ya karakana ya magari.
14 Juni

Mpendwa mdogo wangu Kitindamimba,

Salamu nyingi zikufikie wewe na shemeji. Hali yako ikoje, na huyo mgeni tumboni anakuacha ulale? Sisi wazima, ila mimi nina haya mpaka kalamu inasitasita.

Baba mguu wake unapona. Bado anagombana na redio, na redio bado inamshinda.

Sasa hili langu. Kwenye picha niliyokutumia ulinitania kwamba mtandio shingoni ni maringo ya uzeeni. Hakuna maringo. Shingo ilikuwa imevimba, nami nikiificha. Wifi yetu ndiye aliyenikokota hadi kliniki. Nesi akaipapasa, akasema ni goita, bado ndogo. Akatuagiza wote tuliokuwepo turudi Jumatatu na kijiko cha chumvi ya nyumbani.

Unanijua. Chumvi yangu naiosha, naianika juani kwenye sinia mpaka inang'aa. Niliipeleka kichwa juu, na nikamwambia jirani yetu fundi cherehani kwamba yake ina vumbi. Nilisema hivyo mbele za watu.

Nesi akadondosha dawa ya kupimia kwenye kila chumvi. Ya fundi cherehani ikageuka bluu. Ya muuza mkaa, bluu. Yangu ikabaki nyeupe pe, nami nikatabasamu nikidhani nimewashinda.

"Mama, hii umeifanyaje?" nesi akauliza.

"Nimeiosha," nikajibu kwa sauti, ili wote wasikie.

Walisikia. Akaeleza taratibu kwamba chumvi ya dukani huongezwa madini joto, yaani iodini, na bluu ndiyo dalili kwamba yamo. Mimi nilikuwa nayamwaga na maji machafu, yaliyobaki nikiyamalizia juani. Nilitamani ardhi ipasuke. Fundi cherehani hakucheka, alinishika mkono tu, na hilo likaniuma zaidi.

Kwa kutapatapa nikauliza kama ninywe ile iodini ya kahawia ya kupaka vidonda. Nesi akaruka: ile ni sumu tumboni, nisithubutu. Tangu hapo wifi ananiita Kidonda.

Shingo yangu itatibiwa. Lakini nesi alisema mjamzito akikosa madini hayo, anayeumia ni mtoto, tena ubongo wake. Nikakukumbuka wewe. Maana ule mfuko wa chumvi niliompa dereva wa lori akuletee, nikakusisitizia usipikie chumvi nyingine, chumvi yake niliiosha kwa mikono yangu.

Mdogo wangu, imwage. Usiionee huruma kwa kuwa imetoka kwa dada. Nunua iliyoandikwa kwamba ina madini joto, usiioshe hata ukiiona na vumbi, iweke kwenye chombo chenye kifuniko. Kisha nenda kliniki uwaeleze kila kitu. Wakiuliza nani alikufundisha, nitaje.

Nimezoea kukuamrisha tangu nikikusuka nywele. Leo nakuomba. Dereva yuleyule anaondoka kesho na barua hii. Mpe jibu, hata neno moja, kwamba umeshaimwaga.

Nisalimie shemeji. Baba na wifi wanakusalimu sana. Mungu akulinde, amlinde na huyo mdogo ambaye sijamwona na nimeshamkosea.

Wako akupendaye,
Dada Mkubwa