Jumatano Ni Zamu Yangu

Mama Atu mpenzi,

Mtoto wako amelala, tena kifudifudi kama ulivyokuwa ukilala wewe, nami nimepata nafasi ya kukaa barazani nikuandikie. Barua hii naiandika waziwazi, asomaye na asome, kwa sababu akina baba wenzangu wa hapa Tunduma wamekuwa wakinisimamisha njiani kuniuliza habari za jambo nitakalokueleza, na nimechoka kulisimulia vipandevipande. Lakini wewe ndiye uliyestahili kulisikia kwanza.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiongea na Atu? Nilikuwa nakucheka. Mtoto hajaota hata jino, wewe unamweleza kwa nini maharage ya leo yamechelewa kuiva, unamnusisha kitunguu, unamwomba ushauri wa chumvi. Siku moja nikakwambia, "Huyo hakuelewi." Ukanijibu bila kugeuka, "Hata wewe mwanzoni ulikuwa hunielewi, nikaendelea tu." Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Na dukani kwako ulimtandikia chini ya meza ya kukatia vitenge, ukampa vipande vya vitambaa avipange anavyotaka, na kila mteja aliyeingia ilibidi kwanza aoneshwe kazi ya Atupele. Alipoanza kusema alisema kwa mkupuo: Kiswahili, Kindali cha kwenu, na ile salamu ya "mulishani" ya wateja wako kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka.

Ugonjwa ulipokuchukua, akanyamaza. Hakuwa akilia sana, na hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa anaonyesha kwa kidole tu anachotaka, kisha anarudi kukaa.

Tulipoanua matanga kule Ileje, wazee walikaa kikao. Kwenu na kwetu Hasamba jambo hili ni moja: mtoto mdogo akifiwa na mama, bibi yake humchukua. Mama yako alizungumza taratibu, amenipa ubavu kama ilivyo heshima ya wakwe. "Baba, wewe unashinda mpakani na malori. Huyu mtoto mchana atalelewa na nani, na ukuta?" Niliomba tu aniachie mpaka mvua zitakapoanza, na kama nitakuwa sijapata mahali pa maana pa kumweka, nitamtoa bila maneno. Akakubali. Sikumkasirikia. Alikuwa amekupoteza wewe, akataka kushika kilichobaki, ila na mimi kilichonibakia kilikuwa hichohicho.

Basi nikaanza kutafuta. Binti wa kwanza niliyemweka nyumbani alikuwa mpole na msafi, Mungu ambariki, lakini alimpa Atu simu asubuhi akamnyang'anya jioni. Nikaenda kwenye kituo kimoja cha kulelea watoto, sakafu inang'aa, watoto wamepangwa kwenye mkeka mbele ya televisheni. Nilibisha hodi, nikasalimia, nikakohoa, hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo. Nikaondoka. Kituo kingine watoto wa rika la Atu walikuwa wamekaa kwenye madawati na tai shingoni, wanaimba herufi, mmoja kati yao amesinzia na penseli mkononi. Nikamuuliza mwalimu wanacheza saa ngapi. Akaniambia kwa upole kabisa, "Wazazi wa hapa wanapenda kuona daftari limejaa." Atu alikuwa amejificha nyuma ya mguu wangu, ameng'ang'ania suruali. Ningekuwa mdogo kama yeye ningeng'ang'ania suruali ya mtu vilevile.

Mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika upande wa Mbozi. Nikaenda kununua mchele kwa jirani yetu Mama Joshua, yule anayeuza mchele wa Kamsamba, nikajikuta nimemwaga yote ya moyoni mbele ya magunia yake. Alinisikiliza huku akipepeta. Kisha akaniambia, "Baba Atu, mimi huyu wangu namfunga kwa kitenge kwenye mguu wa meza asikimbilie barabarani. Unadhani napenda?" Nikamtazama Joshua. Kweli alikuwa amefungwa kiunoni, anachezea pumba peke yake.

Sijui kwa nini nikakumbuka kahawa. Unajua tunavyochuma kwetu. Hakuna anayechuma peke yake akamaliza, kwa hiyo leo wote tuko shambani kwa huyu, kesho kwa yule, na ikifika siku yako watu wanajaa kwako. Nikamwambia Mama Joshua, kwa nini tusiwalee hivyo? Kila mzazi ashike siku yake, siku nyingine aende kazini akiwa na moyo mtulivu. Akaacha kupepeta. "Na wewe zamu utashika? Wewe mwanamume?"

"Nitashika."

"Haya. Tutaona."

Zikapatikana nyumba za kutosha wiki ya kazi: Mama Joshua, nesi mpangaji wa nyumba ya pili, msusi wa kule Chapwa, mke wa dereva mwenye kuku na bustani ya mchicha, na mimi. Kwa Mama Joshua wanapepeta mchele na nusu wanamwaga. Kwa nesi wanaogesha midoli kwenye beseni. Kwa msusi wanaimba, na kwa mke wa dereva wanamwagilia mchicha, kuku, na wao wenyewe. Bosi wangu wa ofisi ya kutoa mizigo alikubali nifanye kazi Jumamosi badala ya Jumatano, kisha akaitangazia ofisi nzima sababu yake. Bado wananiita Mama Mdogo. Waite tu.

Jumatano ya kwanza, mke wangu, niliaibika. Nilikuwa nimepanga ratiba: hadithi, rangi, usingizi. Ratiba ilikufa kabla ya uji. Alianza kulia mmoja, wakafuata wote, nami nikasimama katikati ya uwanja na kikombe mkononi kama mtu aliyeibiwa. Nilipokosa la kufanya nikapiga magoti kwenye udongo, nikaanza kuunguruma. Nikawa lori. Watoto wa Tunduma hawahitaji kuelezwa lori ni nini. Joshua akanipanda mgongoni, wengine wakajipanga nyuma, foleni ikawa foleni. Halafu Atu wako, ambaye sikuwa nimesikia sentensi yake tangu msiba, akaja mbele yangu akainua kiganja.

"Simama. Karatasi ziko wapi?"

Nilitaka kulia. Lakini lori halilii, nikajikaza. Nikampa jani la mchicha, akalikagua, akachovya kiganja kwenye tope akanigongea muhuri begani. "Pita," akasema.

Huo ukawa mchezo wa kila Jumatano. Siku nyingine tunatengeneza mizigo kwa udongo, siku nyingine lori linaharibika na lazima wote watafute mawe ya kuweka chini ya tairi. Na maneno yakaanza kurudi, kwanza ya mpakani, baadaye ya jikoni. Nilimsikia siku moja akimwambia Joshua kwa nini maharage yamechelewa kuiva. Nilitoka nje kidogo.

Mvua zikaanza. Mama yako hakupiga simu, alikuja tu, na kati ya siku zote akachagua Jumatano. Nilikuwa na watoto wawili mgongoni, kaptula imelowa, shati lote lina alama za viganja, napandisha mlima kwa gia ndogo. Nikainua kichwa nikaona kanga ya mama yako getini. Wewe unaijua aibu ya mkwe. Yeye palepale akageuka akatazama barabarani, akajifunika kanga usoni, nami siwezi hata kusimama kwa sababu mzigo uko mgongoni na haujashushwa. Nilitamani ardhi ipasuke. Atu akatoka mbio akamshika bibi yake mkono. "Bibi, foleni huku."

Hutaamini. Mama yako, macho yamefunikwa, akaja akapanga foleni nyuma yangu.

Nilipokwisha kuoga na kuvaa suruali ya heshima, nilimkuta amekaa mlangoni pa jikoni, Atu mapajani anamweleza kazi ya muhuri bila kupumua. Mama yako akaongea akitazama ukuta. "Nilikuja na kitenge cha kumbebea." Nilijua kwamba akisema neno moja tu nitalazimika kukunja nguo za mtoto. Akaendelea, "Kitakaa hapahapa. Mavuno mniletee, akae na mimi mpaka achoke." Nikamwambia asante, mama.

Kwa hiyo Atu yuko nyumbani, nami nina furaha ambayo ingekuwa kamili kama ungekuwepo kunicheka. Nakukumbuka kila siku, ila Jumatano kuliko zote.

Jambo moja la mwisho. Jana nilikuwa namvisha viatu. Akaanza kuwataja wenye zamu, kesho mama huyu, kesho kutwa mama yule, halafu baba. Akanitazama. "Mama yangu mimi, zamu yake lini?"

Nilikaa chini sakafuni. Nikamwambia, "Mama yako alishika zake mwanzoni, zote, mchana na usiku, hakumwachia mtu hata moja. Ndiyo maana sasa tunashika sisi."

"Zote?"

"Zote."

Akafikiri kidogo, akaona ni haki, akaniletea mguu wa pili.

Anaamka, namsikia. Pumzika, mama. Hakuna siku ya mtoto wako iliyo wazi.

Mumeo,
Baba Atu