Matanga ya Mjomba wa Daktari

Mke wangu mpendwa, Mama Tabitha,

Niwie radhi kwa kukusumbua katika pumziko lako. Ningengoja tuonane, lakini habari hii ni yako kabla haijawa yangu. Mjomba wa Daktari amefariki.

Unakumbuka Daktari alivyotusimulia, alipokuja kukutazama baada ya wewe kumzaa Tabitha. Kwao Ujerumani, madaktari na walimu walifukuzwa kazini kwa kuwa tu ni Wayahudi. Ndipo mwanasayansi mmoja mwenye jina kubwa duniani alipoweka kando hesabu zake, akaziandikia serikali za mbali kuwaombea mahali pa kuishi na kazi. Aliwadhamini hata asiowajua, Daktari wetu akiwa mmojawapo. Mara nyingi alikataliwa. Akaandika tena.

Mimi, kwa elimu yangu ya misheni, nilisema, "Huyo ni mfadhili." Ukanicheka ukiwa kitandani: "Mfadhili gani afungiwe mlango arudi kubisha? Huyo ni mjomba." Basi kijiji chetu kizima cha Nanyala kikamwita hivyo.

Ulipotutoka, Daktari alikaa nasi mkekani matanga yote, miguu yake mirefu ikimtesa. Nami sikusahau agizo lako la mwisho: "Mjomba wake akifa, asilie peke yake. Vita vimemmalizia ndugu."

Habari ilitangazwa kwenye redio ya dukani Mlowo. Magoti yangu siku hizi ni mabaya, nisamehe, nilichelewa kufika. Nilimkuta dada yako Nesia ametangulia na wanawake wenzake, wamebeba kuni na unga, wanalia toka njiani. Daktari alisimama mlangoni, amechanganyikiwa.

"Mama zangu, ahsanteni, lakini hakuwa mjomba wangu. Sikupata hata kumwona uso."

Nesia akatua kuni zake. Unamjua ulimi wake.

"Alikuombea ulipofukuzwa?"

"Aliniombea."

"Alipokataliwa, alikuacha?"

"Hakuniacha."

"Sasa mjomba wako wa damu angefanya nini zaidi, akubebe mgongoni? Shuka hapo kizingitini, Daktari. Mfiwa hasimami kama karani wa kodi."

Wanawake wakacheka katikati ya kilio. Daktari naye akacheka, kisha uso wake ukavunjika. Mke wangu, sijapata kumwona mtu akilia hivyo. Nadhani hakumlilia mmoja tu. Aliwalilia wote ambao hakupewa kaburi lao. Akaketi mkekani. Nikaketi kando yake.

Nimewaza sana juu ya mtu yule. Jina lake lingetosha kumpa heshima na usingizi mzuri. Yeye akalitumia kubisha milango kwa ajili ya wengine, na mlango mmoja ukafunguka hadi kwenye kitanda chako cha uzazi. Sikumwandikia shukrani. Ukikutana naye huko, tafadhali mpe zangu, na umweleze ukoo wake wa huku.

Tabitha ni mjamzito. Daktari atampokea mtoto.

Lala salama, mwenzangu. Hadi magoti haya yatakaponikataa kabisa, Daktari hatakula peke yake Jumapili.

Mumeo mtiifu,
Baba Tabitha