Mawe Matatu ya Minani

Keza, Ngara
20 Agosti 1995

Mpendwa Shangazi Ildefonsa,

Shikamoo. Habari za Morogoro? Kifua kimepoa, au baridi ya milimani bado inakusumbua? Huku tu wazima, isipokuwa mguu wa mama, ambao sasa huvimba kila jioni.

Shangazi, kuna sauti moja haijanitoka masikioni tangu mwaka juzi: jembe la mama likigonga jiwe kwenye migomba nyuma ya nyumba. Alikuwa akichimba kaburi la mtoto asiye wake. Mwanamke aliyevuka kutoka Burundi na kundi la wakimbizi aliingia kwetu kuomba maji, na mwanawe, Minani, akakata roho mgongoni mwake. Kabla hajaondoka mwanamke yule aliuliza, "Nikirudi nitajuaje alipo?" Mama akapanga mawe matatu meusi, akamjibu, "Migomba huhama, mawe hayahami. Utamkuta hapa."

Sasa nyumba ya marehemu baba tunaiuza, kama ulivyoridhia. Miti yote ya karibu imekwisha kwa kuni za kambi ya wakimbizi. Siwalaumu, nao wanapika. Lakini mama hawezi tena kwenda mbali, na kaka yake wa Nyantakara amemtengea kiwanja. Mnunuzi ni Bwana Makame, mfanyabiashara wa Kabanga, anayetaka kuifanya stoo. Alisema fundi wake, Shibuda, aje kwanza kuikagua.

Basi tumehangaika! Baba mdogo Thobias amegongelea mabati yaliyokuwa yakipiga kelele, tumebandua vichuguu vya mchwa na kupaka chokaa. Mimi nilisugua sakafu, naye akinitania, "Sugua, Clotilda! Msukuma huyo amezoea kukagua ng'ombe, hata kupe mmoja hampiti!"

Juzi niliona ngazi mpya ya mawe mlangoni mwa jikoni. Nikayatambua yale mawe.

"Baba mdogo, haya ni ya Minani."

"Najua. Mnunuzi akiona kaburi atakimbia, na mama yako ahangaikie kuni hadi lini? Nimeshatandaza nyasi kote. Fundi anakagua kuta, hakagui migomba."

Si mtu mbaya, Shangazi. Ni yeye anayemletea mama kuni kwa baiskeli. Nami nataka mama aondoke hapa kuliko ninavyoweza kuandika. Ila mama mwenyewe, tangu siku hiyo, hayakanyagi yale mawe. Hushika mlango akayaruka, kwa mguu ule ule mbovu.

Nisalimie Emilian na mkewe Teddy, na uwabusu watoto. Mungu akupe pumzi nyepesi na usingizi wa amani.

Nimeliacha hili mwisho kwa sababu najua utataka kulisoma mara mbili. Leo alfajiri niliyang'oa mawe, nikaondoa nyasi, nikayarudisha alipolala mtoto. Shibuda alipofika, sikumkaribisha sebuleni. Nilimpeleka kwanza kwenye migomba, baba mdogo akitutazama kutoka mlangoni, nikamwonyesha. Nikamwomba amwambie Bwana Makame kwamba nyumba tunaiuza, lakini pale hapauzwi. Alivua kofia, akasimama kidogo, ndipo akaenda kupima kuta. Jibu la tajiri wake bado hatujalipata. Mama ameingia jikoni bila kushika mlango.

Ni mimi binti wa kaka yako, nikupendaye,
Clotilda