Nilisema Neema Yupo Nyumbani

Jumanne

Nimekosea, tena kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mchana alinipigia simu dada mmoja wa kile chuo cha hapa Buffalo alikoanzia binti yangu Neema. Alikuwa na mkalimani. Wanafuatilia wanafunzi wao wa zamani: nani alimaliza, nani alihamia chuo kikuu, nani aliacha. Akauliza, "Binti yako yuko wapi sasa?"

Nikajibu haraka, "Yupo. Yupo hapa nyumbani."

Neema yuko Columbus tangu mwezi wa nane, anasomea uuguzi chuo kikuu. Lakini kule kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, kabla hatujaja Marekani, mtu wa ofisi akiuliza mtoto yuko wapi, unasema yupo. Ukisema ametoka, wanamkata kwenye kadi ya chakula na posho yake inapotea. Miaka yote hii, mdomo wangu bado uko kambini.

Jioni nikamwambia Neema kwenye simu. Akacheka mpaka akakohoa. "Mama! Umeniachisha shule! Sasa kwao mimi niko na wale walioacha."

"Usinicheke, mwanangu. Na wakikufuta huko Columbus?"

"Hawanifuti, mama. Wapigie tu, useme ukweli."

Amesema hivyo, lakini moyo wangu haujatulia.

Namba ya yule dada nimeibandika kwenye friji. Kesho nitapiga wakati wa mapumziko kiwandani. Nimejaribu maneno yenyewe hapa jikoni, peke yangu: "Neema hayupo hapa. Amehama."

Mara ya kwanza sauti haikutoka. Mara ya pili ilitoka.